Utando wa maziwa, pancha ya tairi na umeme wa haidrojeni

Kuna watu hawakufika Jumamosi wakaniomba niandike nilichoongea na mafundi pale Unga Limited, Arusha, basi nimeandika hivyo hivyo kama nilivyoongea, nimeondoa tu pale nilipokohoa na zile dakika kama 20 umeme ulipokatika tukakaa gizani tunapiga stori, tena mtu wa nyuma akapiga kelele "leta hiyo haidrojeni yako sasa hivi!" ukumbi mzima ukacheka, na mimi nikacheka.

Haya.

Wazee wangu shikamooni. Kina mama habari za jioni. Na nyie machalii wa nyuma mliokalia matairi mambo vipi, sogeeni basi, maana nina kitu kidogo sana cha kuwaonyesha na mkikaa huko hamtakiona.

Nianze na maziwa. Kila mtu humu ndani amechemsha maziwa, ukiyaacha yapoe juu panakaa ule utando, kuna watu wanaugombania na kuna watu wakiuona tu wanasikia kichefuchefu, mimi niko kundi la kwanza. Ukiunyanyua na kijiko unaona kabisa ni kitu, kinashikika, kinaning'inia, lakini mwembamba mpaka unashangaa hauchaniki kwanini. Leo nimekuja kuongea habari za utando, ila wa plastiki. Kuna magari ya Toyota yanatembea huko Japani na Marekani hayana injini ya kuchoma mafuta, na ukiyafungua mpaka ndani kabisa, ukatoa vyuma, ukatoa mabomba, ukatoa gasketi zote, utakuta kazi yenyewe inafanywa na utando wa unene wa kama maikroni 10. Maikroni 1 ni milimita 1 umeigawanya mara elfu. Unywele wa kichwani ni kama maikroni 70. Yaani uchukue unywele mmoja uupasue kwa urefu vipande saba, kimoja ndio unene wa huo utando, alafu huo ndio unabeba gari.

Gari lenyewe linaitwa Mirai, la kwanza lilitoka Desemba 2014, ndani lina seli 370, yaani vifaa vya kutoa umeme kwenye haidrojeni, kila kimoja na utando wake, zimepangwa kama slesi za mkate, zinatoa kilowati 114. Toleo la pili la 2020 wakapunguza mpaka seli 330 na nguvu ikapanda badala ya kushuka, kilowati 128. Hiyo namba 370 iwekeni kichwani nitairudia.

Tuelewane kwanza inafanyaje kazi, hapa sitakaa sana. Upande mmoja wa utando unapitisha haidrojeni, upande wa pili unapitisha hewa hii hii tunayovuta. Haidrojeni ikigusa madini ya platinamu inaachana vipande viwili, protoni na elektroni. Sasa kazi ya utando ni kama lile geti la ukuta wa machimbo ya tanzanaiti Mererani. Mtu apite, jiwe lisipite. Protoni anaruhusiwa kukatiza katikati ya utando, elektroni anakataliwa, anaambiwa wewe zunguka na waya, na huko kwenye waya ndio tunamkamata tunamfanyisha kazi, azungushe mota, awashe taa, akishamaliza anafika upande wa pili anamkuta protoni wake na oksijeni ya hewani, wanakuwa maji. Basi. Hakuna moshi, bomba la nyuma linatoa maji.

Utando una kazi mbili zinazogombana na hapa ndio mada yangu yote ilipo. Protoni apite kirahisi iwezekanavyo, hapo unataka utando uwe mwembamba. Alafu gesi ya huku isikutane na ya kule, na elektroni asipite, hapo unataka uwe mnene. Tangu miaka ya 1950 watu wanavutana na hayo mawili.

Ndani ya utando kuna nini? Fundi bomba tuko naye? Enhe, hebu toa ile tepu yako nyeupe. Hii tepu mnayozungushia kwenye nati za bomba ni tefloni, na utando wa kwenye seli mifupa yake ni ya ukoo huo huo, kaboni na florini, kitu ambacho hakikubali kuungua, hakikubali asidi, hakikubali chochote, ndio maana chapati haishiki kwenye ile kikaango nyeusi. Ila kwenye mnyororo wa tefloni wamepachika vikonyo, na kwenye ncha ya kila kikonyo wameweka kipande cha asidi, asidi ya ukoo wa salfa, ndugu wa ile ya kwenye betri ya gari lako, tofauti ni kwamba ya kwenye betri inaogelea, ukigeuza betri inamwagika inatoboa suruali, hii imefungwa kamba kwenye plastiki haiendi popote. Vile vipande vya asidi vinapenda maji vibaya sana, tefloni inachukia maji vibaya sana, kwahiyo wakikaa pamoja wanatengana, asidi wanajikusanya sehemu zao na maji yao, vinatokea vijito vidogo vidogo havionekani kwa macho, na protoni anapita humo kwenye vijito. Bila maji hakuna vijito. Utando ukikauka ni tefloni tu, haupitishi kitu.

Nimeleta kipande. Hiki hapa, unaona kama nailoni ya kufungia keki. Mama njoo, nipe kiganja, usiogope hakichomi. Tunakiweka hivi… subiri… mnaona? Mnaona kinavyojikunja? Hakuna aliyekigusa! Hilo ni jasho lake. Upande uliogusa kiganja umekunywa unyevu umevimba, upande wa juu bado mkavu, kwahiyo kinajikunja kama majani ya migomba kwenye moto. (Hapa nilipoteza ukumbi kwa dakika tano, kila mtu anataka kiganjani kwake, nikaachia kizunguke.)

Wakati kinazunguka niwape historia kidogo. Aliyeanza kutumia utando wa plastiki kwenye seli hizi ni Thomas Grubb wa kampuni ya General Electric, mwaka 1955, alafu mwenzake Leonard Niedrach akatafuta namna ya kuiweka platinamu juu yake. Miaka kumi baadaye zikaenda angani na chombo cha Marekani, Gemini 5, Agosti 1965, wanaanga Cooper na Conrad wakakaa siku nane huko juu umeme wao ukitoka kwenye hizo seli. Ila plastiki yao ya wakati ule ilikuwa ya ukoo wa hii ya vikombe vyeupe vya kahawa, ikawa inaliwa taratibu na kemia ya ndani yake yenyewe, na yale maji yanayotoka hayakufaa kunywa, utando ulikuwa unajimwaga ndani ya maji kidogo kidogo. Wale wa Apollo walioenda mwezini wakaja na seli za aina nyingine zisizo na utando kama huu, wale ndio walikunywa maji yao. Mwishoni mwa miaka ya 1960 ndio Walther Grot wa kampuni ya DuPont akatengeneza huu wa ukoo wa tefloni, unaitwa Nafion, na hapo maisha ya utando yakawa marefu. Naweza kuendelea na historia mpaka asubuhi ila nyie ni mafundi mnataka namba.

Namba ni hizi. Nafion iliyozoeleka sana maabara ni ile wanaiita 117, unene wake kama maikroni 178, ukiushika unaukunja kama jalada la daftari. Ukiwa umelowa vizuri na una joto la nyuzi 80, kipande cha sentimita 1 ya mraba kina ukinzani, nyie mnasema rezistansi, wa kama omu 0.18. Inaonekana ndogo si ndio? Sasa pitisha ampia 1 kwenye hiyo sentimita ya mraba, na gari linapitisha zaidi ya hapo. Mzee wangu wa altaneta pale, unapoteza volti ngapi? Enhe, 0.18. Sasa seli moja ikiwa kazini inakupa volti ngapi? Kwenye makaratasi ni 1.23 ila ukiifanyisha kazi inakupa 0.6, 0.7. Yaani umeshachukua zaidi ya robo ya umeme wako umeuacha ndani ya plastiki unageuka joto. Kwenye gari la seli 370 hizo ni kama volti 66 zinapotea, jamani, volti 66! Sasa weka utando wa maikroni 25 ule ule, unapoteza 0.025. Weka wa 10, unapoteza 0.01, na kwenye gari zima hata volti 4 hazifiki. Hakuna spea nyingine kwenye hii mashine utakayoibadilisha ukapata faida kama hiyo kwa kupunguza tu unene.

Na kuna faida ya pili ambayo mimi naipenda kuliko ya kwanza kwa sababu hakunaga mtu anayeitarajia. Protoni anapopita hapiti mikono mitupu, anaburuta maji. Kwahiyo upande wa haidrojeni unakauka, upande wa hewa unafurika, wakati maji unayahitaji pande zote. Zamani walikuwa wanafunga dude kubwa pembeni la kulowesha gesi kabla haijaingia. Utando ukiwa mwembamba maji yanarudi yenyewe, yanapenya kinyumenyume kwa sababu safari ni fupi. Mirai ya 2014 ile mashine ya kulowesha wakaitoa kabisa. Wamepunguza maikroni wameondoa na dude zima, uzito umeondoka, nafasi imepatikana, kitu cha kuharibika kimeondoka.

Basi mtu akasema kama ni hivyo si tuweke wa maikroni 1? Swali zuri, na alieliuliza ni huyu chalii wa pancha, nashukuru kwa sababu jibu liko kwenye karai lake.

Tairi ya baiskeli isiyo na pancha, mpya kabisa, ijaze upepo uiache ukutani miezi mitatu. Utaikuta imelegea. Si ndio? Hakuna tundu, umeitia kwenye karai la maji hakuna hata povu moja, lakini upepo umeenda. Umepenya mpira wenyewe. Gesi zinafanya hivyo, zinayeyuka ndani ya plastiki zinatokea upande wa pili, na jinsi plastiki ilivyo nyembamba ndivyo zinavyopita nyingi, unene ukipungua nusu zinapita mara mbili. Haidrojeni ndio mwepesi kuliko wote, mtoro namba moja. Ikipenya inakutana na oksijeni upande wa pili inaungua pale pale kwenye platinamu bila kupita kwenye waya, umechoma mafuta bure. Wizara ya nishati ya Marekani imeweka kipimo, haidrojeni inayotoroka isizidi ile ya kutoa miliampia 2 kwa sentimita ya mraba, na hapo hapo wanataka ukinzani usizidi omu 0.02. Yaani uwe mwembamba alafu usivuje. Ndio mkataba wenyewe huo, na anayeusaini analala macho wazi.

Hiyo ni ya kupenya. Kuna pancha yenyewe sasa, na hapa nina aibu yangu ya kusimulia.

Ukiubana utando kwenye seli, pande zote mbili unalaliwa na karatasi ya kaboni, ni nyuzi nyuzi nyeusi zimeshikamana, gesi inapita katikati ya nyuzi. Ukizitazama kwa lenzi ni kama brashi ya waya. Sasa mimi nimelelewa gereji, nikaikaza seli yangu ya kwanza ya utando mwembamba kama nakaza silinda hedi ya Hiace. Ilivyoanza kazi volti zinapanda zinashuka, zinapanda zinashuka, kifeni changu kinazunguka kama kinasinzia, baada ya robo saa kikafa. Nikafungua. Utando kwa macho mzima kabisa. Nikachukua karai, nikabana utando kwenye kifaa, nikasukuma hewa kidogo upande mmoja, maji upande wa pili, nikainama kama fundi pancha. Povu moja. Dogoooo, linatoka, linatulia, linatoka tena sehemu ile ile. Uzi mmoja wa kaboni ulikuwa umechomoza ukauchoma utando, kwenye ule mnene wa 178 uzi kama ule ungeishia njiani. Tangu siku ile natumia spana ya kupima nguvu na sikazi kitu kwa hasira.

Sasa ile namba 370. Zimefungwa kwa mfululizo, umeme wa moja unapita kwenye mwenzake. Tando 370, kila moja ni pana kama karatasi ya daftari hivi, moja tu ikipata kijitundu, steki nzima, yaani huo mpangilio wote wa seli, iko matatani. Haya niambieni, nani humu ndani ana matairi 370 na anaweza kuniapia hakuna hata moja lenye mwiba?

Wanafanyaje basi? Hapa turudi kwenye tepu ya fundi bomba. Mwaka 1969 kijana mmoja Mmarekani anaitwa Bob Gore alikuwa anavuta fimbo za tefloni zilizopashwa moto, akivuta taratibu zinakatika, akivuta taratibu zinakatika, akakasirika akaikwanyua kwa mshtuko mmoja, haikukatika, ikarefuka mara kadhaa na ndani ikawa wavu wa nyuzi laini laini na matundu yasiyoonekana. Ndio hiyo ya makoti ya mvua ambayo wazungu wanapanda nayo mlima, wapagazi wetu wanayajua. Kampuni yao ndio ikaja kuchukua ule wavu wakaujaza ile plastiki yenye asidi, kama vile unavyomwaga zege kwenye nondo. Wavu ndio nondo. Utando wa maikroni 10 bila nondo ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, gari likiwaka unavimba, likizimwa unasinyaa, siku moja unachanika penye kona. Ukiwa na nondo unavimba kwa unene tu, kwa upana haupanuki sana. Kwa maoni yangu hiyo ndio akili kubwa kuliko zote kwenye hii safari, kuliko hata Nafion yenyewe, na ilitoka kwa mtu kukasirika. (Mimi hasira zangu zilinipa pancha, yake ilimpa koti la mvua.)

Ngojeni niwape kisa kingine maana hiki kinahusu maji yetu. Kabla hujatumia utando unauchemsha, lisaa limoja kwenye dawa ya kuondoa uchafu, lisaa kwenye asidi hafifu, alafu unasuuza na maji yaliyochujwa kabisa. Mimi nilikuwa nafanyia kwenye chuo fulani hapa hapa kaskazini, chujio la maji limeharibika wiki ya sita, nimeandika barua, nimefuatilia, naambiwa fundi yuko njiani. Nikasema maji ni maji. Nikasuuza na ya bomba, nikaacha yalale usiku mzima humo. Asubuhi napima, ukinzani umepanda mara kadhaa! Nikamwandikia muuzaji barua pepe ya matusi ya kistaarabu, kwamba umeniuzia feki.

Sio feki. Mimi ni mtoto wa Maji ya Chai, meno yangu mnayaona yalivyo rangi, sihitaji kuwaeleza maji ya mteremko wa Meru yana nini. Yana floraidi, hiyo ndio imetupaka meno, na yana sodiamu, huo ndio ukoo wa magadi, vyote kutoka kwenye mawe ya volkano. Sodiamu ikifika kwenye utando inamsukuma protoni inakaa kwenye kiti chake. Viti vikijaa sodiamu protoni hana pa kukanyaga. Nilitengeneza utando wa magadi. Cha kuokoa ni kwamba inarudishika, nikaenda duka la spea nikanunua asidi ya betri, kipimo kimoja ndani ya vipimo tisa vya maji yaliyochujwa, na hapo machalii sikilizeni, asidi ndio inamiminwa kwenye maji, sio maji kwenye asidi, ukigeuza itakurukia usoni. Nikachemsha lisaa, na huku kwetu kwa huu mwinuko wa mita 1,400 maji yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi kwahiyo nikaongeza muda kidogo. Utando ukapona. Yule muuzaji nilimwomba radhi, hakunijibu.

Na floraidi sasa, hapa ndio panachekesha. Hapa kwetu tunapambana kuitoa kwenye maji, pale Ngurdoto kituo cha utafiti kinachuja na mkaa wa mifupa, Dokta Hilonga wa chuo cha Nelson Mandela kule Tengeru alipata tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015 kwa chujio lake. Wenzetu wa seli wanaitafuta floraidi kwenye maji yanayotoka kwenye bomba la gari. Kwa nini? Kwa sababu utando unapoanza kuliwa unatoa floraidi. Ni kama daktari anavyopima mkojo. Maji yakitoka na floraidi nyingi unajua ndani plastiki inaisha hata kama volti bado nzuri.

Inaliwaje wakati nimesema haikubali chochote? Ile gesi inayotoroka ikikutana na mwenzake wakati mwingine haitengenezi maji moja kwa moja, inatengeneza ile dawa ya kuoshea vidonda inayotoa povu, nywele inazigeuza njano. Yenyewe haina shida sana. Ila ikikuta chuma, kutu kidogo tu kutoka kwenye bomba, inavunjika inatoa kitu kikali mno kinauma mnyororo kuanzia kwenye ncha zake, na utando mwembamba unatorosha gesi nyingi alafu nyama yenyewe ya kuliwa ni kidogo. Dawa wanayoweka ni seriamu, kidogo sana, inakimbilia ile sumu inaizima kabla haijauma. Mnaifahamu seriamu? Mnayo mifukoni wavutaji. Lile jiwe la kiberiti cha gesi linalotoa cheche, kwa sehemu kubwa ni seriamu na wenzake, na limechanganywa na chuma. Dawa ya utando na sumu ya utando kwenye jiwe moja la ukubwa wa punje ya mchele.

Mama wa duka la spea aliuliza je hii plastiki ya florini haina madhara. Ina mjadala mkubwa mama. Ukoo mzima wa hizi kemikali hauozi, mwaka 2023 nchi tano za Ulaya zikiwemo Ujerumani na Uholanzi zilipeleka pendekezo la kuzibana zote kwa pamoja, na watu wa seli wakazidi kuhangaika na plastiki zisizo na florini. Zipo, zinazuia gesi hata vizuri zaidi, ila zikikauka zinasumbua na uimara wake bado unabishaniwa. Mimi kwa meno haya niliyonayo siwezi kukwambia florini ni rafiki yangu.

Swali lingine lilitoka kwa mzee mmoja, kama mashine ya kutengeneza haidrojeni kutoka kwenye maji nayo inatumia utando huu. Ndio mzee wangu, ni seli ile ile imegeuzwa, unaipa umeme na maji inakupa gesi. Lakini huko utaona bado wanatumia ule mnene, 125, 178, na sio kwamba ni washamba. Huko haidrojeni inatoka na presha, ikipenya inaenda kukaa ndani ya oksijeni, na ikifika asilimia 4 hiyo ni bomu linasubiri cheche. Kwenye gari ikitoroka unapoteza mafuta, kule ikitoroka unapoteza paa. Wanajaribu kupunguza nao, wanaweka platinamu kidogo ndani ya utando iikamate haidrojeni njiani iigeuze maji, ila taratibu mno, na mimi ningekuwa nafanya kazi kwenye hiyo mashine ningewaambia waende taratibu zaidi.

La mwisho lilikuwa la bei na je itakuja lini Arusha. Pampu ya haidrojeni mimi sijaiona hapa na sitawadanganya muanze kuuza Noah zenu. Kipande kama hicho kinachozunguka, ukubwa wa kiganja, ni makumi ya dola, ndio maana nimekuja na kimoja, hebu kiko wapi? Kiko kwa nani?

Kikarudi. Kimepita kwenye viganja kama 60, kimejikunja kimejikunjua, kina alama za vidole, kona moja ina grisi, na upande mmoja una mafuta ambayo nikanusa nikajua ni ya chipsi. Jasho lina chumvi na chumvi ina sodiamu, kwahiyo hapo tumetengeneza utando wa magadi kwa mara ya pili. Chalii wa pancha akasema atanipa asidi, anayo nusu kidumu nyuma ya banda, na Jumatatu nikapita nikaichukua.